Mama Ngina Waterfront: kutazama meli za watalii bila kuvuka lango la bandari

Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, ndio msimu wa meli za watalii Mombasa, na kila msimu swali ni lile lile: tunaingiaje bandarini kuziona? Hamuingii. Asiye na kazi na meli hapiti lango la Kilindini, na hilo halitarajiwi kubadilika. Lakini kisiwa chenyewe kimewapa wenyeji kitu ambacho miji mingine imelazimika kukijenga kwa pesa nyingi. Meli yoyote inayokwenda Kilindini hupitia mlango mwembamba wa bahari, na ukingo wa kaskazini wa mlango huo ni bustani ya umma. Hapa tunaipima Mama Ngina Waterfront kwa kazi hiyo moja: kutazama meli. Mihogo ya kukaanga na madafu yana wahakiki wao.

Kwanza sababu ya lango kufungwa, maana wengi hudhani ni jeuri ya askari. Kanuni ya kimataifa ya ulinzi wa meli na bandari, ile inayoitwa ISPS, ilipitishwa London Desemba 2002 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2004. Inagusa kila meli ya abiria iliyo katika safari ya kimataifa, na meli za mizigo kuanzia tani 500. Gati linalozipokea lazima liwe na afisa wa ulinzi, mpango wa ulinzi ulioidhinishwa, na namna ya kujua kila aliyeingia ni nani na amefuata nini. Nchini Kenya msimamizi wa kanuni hiyo ni KMA, mamlaka ya mambo ya bahari.

Kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Meli inaweza kutakiwa na bandari inayofuata kueleza bandari 10 za mwisho ilizotia nanga na hali ya ulinzi ya kila moja. Mombasa ikionekana imelegeza uzio, atakayeulizwa maswali ni nahodha, huko mbele ya safari, na kampuni yake itaiondoa Mombasa kwenye ratiba ya mwaka ujao. Kwa hiyo mlinzi anayekurudisha langoni hakuonei. Analinda jina la bandari.

Pwani hii nayo ina kumbukumbu zake. Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, ikiwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia, ikageuza njia na kukimbilia Ushelisheli. Novemba 2008 Nautica ilifyatuliwa risasi katika Ghuba ya Aden. Miaka iliyofuata meli nyingi za watalii zilikwepa upande huu wa bahari, na ni tarehe 1 Januari 2023 tu ndipo mashirika ya usafiri wa baharini yalipoliondoa eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi. Kampuni zinazorudi sasa zinakagua uzio kwa makini kuliko zinavyokagua zulia la mapokezi.

Turudi bustanini. Ilikarabatiwa na kuanza kutumika kwa sura yake mpya Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyika hapo hapo. Ni ekari 26 za njia za kutembea, viti na mibuyu mikubwa, juu ya ukingo wa matumbawe unaotazama mkondo. Kuingia ni bure. Kutoka Likoni feri upande wa kisiwani ni mwendo mfupi kwa miguu, na tuktuk yoyote ya mjini inapajua.

Mahali pa kusimama ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Upande wa mashariki, kwenye bahari wazi, unaiona meli tangu ikiwa doa: kwanza dohani, kisha boti ya rubani, yule anayeiongoza meli kuingia bandarini, ikirukaruka kwenye mawimbi, kisha omo imekuelekea. Upande wa magharibi, karibu na feri, unaiona kwa ubavu na kwa ukaribu, ikigeuka kuingia Kilindini huku feri zikisubiri ipite. Wenye watoto wachague magharibi, kwa sababu ukubwa wa meli hauwi na maana kwa mtoto mpaka aione kando ya feri. Wenye kamera wachague mashariki. Usijaribu kuwahi pande zote mbili. Kwa mwendo wa maili 8 za baharini kwa saa, sawa na mita 4 kila sekunde, meli ya mita 294 kama Norwegian Dawn hupita mbele ya mtu aliyesimama kwa sekunde 70 na kitu. Ukipoteza muda kutembea umeikosa.

Ukuta usivukwe. Chini ni matumbawe makali, na wakati wa bamvu tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4, kiasi kwamba jiwe lililokuwa kavu asubuhi linapigwa na wimbi mchana. Vijana hushuka kila siku, tunajua. Hata hivyo meli haionekani vizuri zaidi kutoka kule.

Sasa tatizo kubwa la mahali hapa: hakuna anayekuambia meli inapita saa ngapi. Hakuna ubao wa ratiba, hakuna tangazo, na muuza kahawa tungu anajua zaidi kuliko tovuti nyingi za utalii. Mgeni inabidi ajitafutie mwenyewe, na njia ni hii.

Anza na orodha ya meli ya siku 14 inayotolewa na Halmashauri ya Bandari (KPA) kwenye tovuti yake. Imeandikwa kwa ajili ya mawakala wa mizigo, kwa hiyo meli za kontena zinatangulia na za abiria utazikuta chini chini, nje ya sehemu ya kontena na ya mafuta. Angalia jina, tarehe ya kufika, urefu na kina cha meli majini. Ukiona meli ndefu ya mita 200 na zaidi lakini kina chake ni mita 8 hivi, na haina tani za kupakua, hiyo ni ya watalii.

Siku moja kabla, hamia kwenye programu za kufuatilia meli kama MarineTraffic au VesselFinder. Za bure zinatosha. Kila meli ya abiria hurusha mahali ilipo kila baada ya sekunde chache ikiwa inatembea. Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni saa: muda wa kufika unaoandikwa na meli ni wa UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo ongeza saa tatu. Ukiona 03:00, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi ya Mombasa. La pili, muda huo huingizwa kwa mkono na ofisa wa zamu, na mara nyingine unabaki ule wa bandari iliyopita. Hakikisha mahali inapokwenda pameandikwa KEMBA, alama ya bandari ya Mombasa, si TZZNZ ya Zanzibar. La tatu, katikati ya bahari antena za nchi kavu hazifiki, kwa hiyo meli ikipotea kwenye ramani usidhani imeghairi. Safari ya Zanzibar hadi Mombasa ni kama maili 130 za baharini, na meli inayotoka Unguja jioni huonekana tena alfajiri.

Muda unaoandikwa ni wa kufika kwa rubani nje ya mlango, si gatini. Tangu rubani apande mpaka meli ifike mbele ya bustani, hesabu kama nusu saa. Ukiwa na darubini ya 8x42 tazama bendera: yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu inasema rubani yumo ndani, na ya manjano inaomba kibali cha afya cha kuingia nchini. Meli za watalii hazisubiri maji kujaa, kwani mkondo umechimbwa na kina chao ni kidogo. Kinachozichelewesha ni zamu ya rubani, upepo mkali unaosukuma ubavu wao mrefu, au meli ya kontena iliyotangulia kutoka. Chelewa ya saa moja ni ya kawaida.

Kuhusu mwanga, asubuhi inavunja moyo. Katika msimu huu jua linachomoza kusini kidogo ya mashariki, nawe unatazama huko huko, kwa hiyo meli inayoingia alfajiri inakuwa kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu. Inapendeza kwa macho, kwa picha haifai. Meli inayotoka jioni ndiyo ya kupiga. Inapokupita kuelekea baharini, jua la magharibi liko mgongoni kwako na tezi yote inang'aa. Fika saa kumi na moja na utafute nafasi kwenye reli, maana Jumamosi na Jumapili jioni bustani hufurika. Lenzi ndefu iache nyumbani. Kwa umbali huo kamera ya kawaida ya simu inaichukua meli nzima, na ukikuza sana utapata madirisha tu.

Hapa ndipo usalama na kutazama vinapogusana tena. Kupiga meli picha ukiwa bustanini hakumsumbui mtu. Kugeuza kamera kwenye feri ya Likoni, kwenye lango la bandari au kwa askari ni jambo jingine, na huko feri hasa kamera haitakiwi. Watu wengi hukamatwa kwa kutojua mpaka uko wapi: wamepiga meli vizuri, kisha wakashuka hadi feri wakiendelea kurekodi. Zima simu kabla ya kufika. Droni usiipeleke kabisa. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinataka usajili na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na hapa uko jirani na bandari na njia ya ndege. Askari akikusimamisha, mwonyeshe picha ulizopiga, mwambie jina la meli unayoisubiri, na usibishane. Chini ya ISPS hali ya ulinzi ina ngazi tatu. Ya kwanza ndiyo ya kila siku. Ikipandishwa hadi ya pili, tarajia mikoba kupekuliwa na doria kuongezeka.

Sehemu nyingine tuzipitie upesi. Fort Jesus hutajwa na madereva kwa wageni, na ni kosa: ngome ya 1593 inatazama Bandari ya Kale na mlango wa Tudor, ambako utaona majahazi, si meli za watalii. Feri yenyewe inapita karibu kabisa na mkondo, na kwa waendao kwa miguu ni bure, ila haikusubiri wala huruhusiwi kupiga picha. Ukingo wa Likoni una mwanga bora kuliko wote msimu huu, kwa sababu jua linakuwa mgongoni, lakini hauna bustani ya namna hii ya kukaa na kusubiri.

Ukiilinganisha na nje, mfano wa karibu ni Miami, ambako meli zinatoka kwa mfereji wa Government Cut na watu wanazitazama kutoka South Pointe Park, huku vyombo vidogo vikitakiwa kukaa yadi 100 mbali nazo. Kanuni ni hiyo hiyo: macho yana uhuru, miguu haina. Vancouver walikwenda mbele zaidi. Pale Canada Place njia ya umma inazunguka juu ya gati, abiria wanapita chini, na makundi mawili hayakutani hata mara moja.

Hilo lingewezekana Kilindini. Jengo la abiria wa meli za watalii kwenye gati namba 1, lililojengwa kwa msaada wa TradeMark East Africa, lipo tayari. Roshani ya vioo upande wa nchi kavu, yenye mlango wake wa nje ya uzio, kitambulisho kuandikishwa, mikoba kupita kwenye mashine, na kufungwa mara ngazi ya ulinzi inapopanda, haivunji kanuni yoyote ya ISPS, kwa kuwa mtazamaji hafiki kwenye ngazi ya kupandia meli. Gharama ni walinzi wachache siku ya meli, na siku hizo si nyingi kwa mwaka. Mpaka hapo tunaipa Mama Ngina nyota nne kati ya tano kwa mahali, na mbili kwa taarifa. Ubao mmoja kwenye lango la upande wa feri, wenye jina la meli, bendera yake, urefu, na saa ya kuingia na kutoka, ungeongeza nyota ya tatu. Taarifa zenyewe tayari zimo kwenye orodha ya siku 14. Anayehitajika ni mtu wa kuzinakili kwa chaki kila asubuhi.