Henia Kisumu: Kisu Nyota Tano, Karatasi Nyota Tatu

Wengi wakiandika kuhusu hospitali hutaja usafi wa vyoo, foleni, na kama masista wana roho nzuri. Hayo nitayagusa. Lakini mtu wa mshahara anayepanga operesheni isiyo ya dharura ana swali lingine la kuuliza kabla hajalipa chochote: hawa watu wanajua kuandika karatasi ya kumpelekea mwajiri? Mimi ni mtu wa godauni hapa Kisumu, kazi yangu ni kupokea mzigo, kuupanga na kuupakia. Henia ilikuwa kwenye kinena, upande wa kulia, ile ya kuchomoza ukikohoa na kurudi ukilala. Hospitali ni ya kibinafsi, ndogo, iko mjini. Jina sitaji kwa sababu nina lawama, ila nitaeleza vya kutosha ujue cha kuangalia popote utakapokwenda.

Nianze na kisu, maana hapo sina neno. Daktari alinikagua, akanawa mikono, kisha badala ya kuanza na bei akaniuliza, "Unafanya kazi gani, mzee?"

"Kubeba, daktari. Simiti, mabati, chochote kinachoshuka kwenye lori."

"Mfuko mmoja kilo ngapi?"

"Hamsini."

Akaandika. Nilidhani ni maongezi tu ya kunituliza, kumbe swali hilo ndilo lililokuja kuniokoa mwisho wa mwezi. Akanichorea ukuta wa tumbo na tundu lake, akanionyesha wavu wa kuziba tundu utakapokaa. Akasema kutembea nitatembea karibu mara moja, mtu wa mezani anaweza kurudi kazini baada ya wiki moja au mbili, lakini mimi na mifuko yangu tusionane mpaka wiki 6 zipite.

Ganzi ni ya sindano ya mgongo. Unabaki macho, unasikia wanavuta hapa na pale bila uchungu, huku wakijadili Gor Mahia inavyocheza siku hizi. Mimi ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, wapinzani wao wa jadi, lakini hapo si mahali pa kubishana. Wodini sista alikataa katakata kuniruhusu kabla sijakojoa, akanifundisha kukumbatia mto tumboni kila nikitaka kukohoa au kucheka, na akaniapisha nisipande boda. Nikapanda tuktuk. Dereva alipoona nilivyoingia kwa ubavu akasema, "Omera, tulia, nitakupeleka kama trei ya mayai," na kweli alilikwepa kila shimo mpaka Kondele. Wodi safi, neti nzima, uji moto. Nyota tano, sirudi nyuma.

Sasa karatasi.

Niliyopewa mapokezi siku ya kutoka ilikuwa nusu ya ukurasa. Jina langu, mstari mmoja wa mwandiko wa daktari, na ishara hii: 6/52. Waliozoea hospitali wanajua hiyo ni wiki 6, yaani wiki 6 kati ya 52 za mwaka. Afisa wa wafanyakazi kule kwetu hakuzoea. Aliigeuza, akauliza kama ni tarehe ama ni dozi. Haikuwa na mhuri, haikusema nimezuiwa kazi gani, na sahihi haikuwa na jina la mwenye kutia sahihi. Karatasi ya namna hiyo ni mlango wazi kwa mwajiri asiyetaka kulipa, na wangu aliupitia mbio. "Halafu," akaongeza, "hii si ugonjwa. Hii ni operesheni ya kujipangia. Jaza fomu ya likizo ya mwaka."

Fomu sikujaza. Na wewe usijaze, kwa sababu ukishatia sahihi umetoa mwenyewe siku zako 21 za likizo ambazo sheria imekupa za kupumzika na kwenda nyumbani kuona wazee. Likizo ya ugonjwa ni mfuko tofauti. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiulizi kama maradhi yalikukamata usiku au uliyapangia tarehe. Kinataka uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 2 mfululizo, umjulishe mapema iwezekanavyo kwamba hutakuwepo na kwa nini, na ulete cheti cha kutoweza kazi kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu au anayemwakilisha kwenye zahanati au kituo cha matibabu. Ukitimiza hayo, haki yako isiyopungua ni siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, ndani ya kila miezi 12. Henia ni ugonjwa. Kilichopangwa ni siku ya kuutibu tu. (Anayetaka kunyoosha pua, huyo nitamwachia wakili wake.)

Hizo 7 na 7 ndizo walizotaka kunipa baada ya kushindwa na ile hoja ya kujipangia. Wiki 6 ni siku 42, kwa hiyo hesabu yao ingeniacha nyumbani siku 28 bila senti. Lakini mkataba wangu, ukurasa wa pili, unasema masharti ya ugonjwa yatafuata Amri ya Jumla ya Mishahara, kanuni ya serikali kuhusu mishahara na masharti ya kazi, na amri hiyo ni karimu zaidi: siku 30 za mshahara kamili, kisha siku 15 za nusu. Sheria ya Ajira yenyewe inasema masharti yaliyomo humo ni kima cha chini, na kama mkataba, makubaliano ya chama au sheria nyingine inampa mfanyakazi zaidi, basi achukue hilo zaidi. Siku 42 zikaingia zote, 30 kamili na 12 nusu. Kazi nyingine zina amri zake, wengine wana chama kilichowajadilia vizuri kuliko hapo. Soma mkataba wako kabla ya kulala kitandani, si baada.

Yote hayo yasingesimama juu ya ile 6/52. Ilibidi nirudi hospitali, na dada wa mapokezi akaniambia barua inalipiwa. Hapo ndipo nyota mbili zilipoanguka. Umekata mtu, umemshona, umepokea pesa yake, halafu cheti ambacho sheria inakitaka unakifanya biashara ya pembeni? Daktari mwenyewe alipotoka na kusikia, akaomba faili, akaona pale alipoandika "kilo 50", akaketi akaandika barua ya maana, bila malipo. Ilikuwa na tarehe ya kulazwa na ya upasuaji. Tangu tarehe gani hadi gani sifai kwa kazi ya aina yoyote. Tangu lini hadi lini ningeweza kazi ya kukaa tu bila kuinua mzigo. Tarehe ya kurudi kuangaliwa. Jina lake lote, namba yake ya usajili, sahihi, mhuri. Haikuandika ugonjwa kwa undani, na nilipenda hivyo. Habari za afya ni za siri chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mambo ya kinena changu si ya kusomwa na karani wa geti.

Ofisini wakasema kazi ya kukaa haipo. Sawa. Kama kazi iliyopo ni ya mifuko na daktari amekataza mifuko, basi kipindi chote sifai kwa kazi waliyoniajiri. Safari hii hakuna aliyeuliza kama ni dozi.

Pesilipu ya mwezi wa nusu nayo ina vituko vyake. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hiyo mshahara ukishuka nayo yanashuka. Mkopo wa sakko haujui nusu wala robo, unakatwa ule ule. Kuna ukuta mmoja tu: makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, yaani theluthi moja lazima ikufikie mkononi. Mimi nilienda sakko mapema nikawaeleza, wakasogeza kidogo. Ovataimu usiihesabu kabisa. Sheria inazungumzia mshahara wa msingi.

Kwa kuwa operesheni ya kupanga inakupa nafasi ya kuchagua tarehe, ichague kwa akili. Mwaka wa likizo ya ugonjwa huhesabiwa kuanzia siku uliyoajiriwa, si Januari, isipokuwa kama mwajiri amewaweka wafanyakazi wote kwenye tarehe moja. Kama malaria ilishakula siku zako za mwaka huu na daktari anasema henia inaweza kusubiri, ngoja mwaka wako ugeuke. Asiposema inaweza kusubiri, usingoje. Henia iliyonasa, yaani utumbo ukakwama kwenye tundu, si mchezo. Na kama ilitokana na ajali ukiwa kazini, hiyo ni sheria nyingine ya fidia, mweleze daktari na msimamizi mapema kabla maelezo hayajapotea.

Upande wa malipo hospitali iko sawa. SHA waliishughulikia wenyewe, waliomba kibali kabla ya siku yenyewe, na nilichoongeza kutoka mfukoni nilikuwa nimeambiwa tangu mwanzo. Risiti nilipewa kila nilipolipa kwa M-Pesa, sikuidai.

Ningemshauri mtu aende? Ndiyo, kwa ajili ya huyo daktari na sista wa wodi ya wanaume. Ila siku ya kuweka tarehe, mwambie daktari kazi yako kwa kilo na kwa saa, na umwombe aandike barua yeye mwenyewe, kwa tarehe kamili, kabla hujavaa viatu vya kwenda nyumbani. Marudio ya kuangalia kidonda hayalipiwi. Jumatatu asubuhi pamejaa mno. Nenda Alhamisi baada ya saa nane, utahudumiwa haraka, na tuktuk za kurudi Kondele zinakuwa nyingi nje ya geti.