Kupimwa uwezo wa mwili nikiwa na saratani ya matiti iliyosambaa: uzoefu wangu hapa Moshi

Ninaishi Kiboriloni na ninatibiwa saratani ya matiti ambayo imeshafika kwenye mifupa ya mgongo na mbavu. Ninaandika kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaoelekezwa idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, "wakapimwe uwezo wa mwili" na wasijue kinachokwenda kupimwa ni nini hasa.

Kabla ya hapo uwezo wangu ulikuwa ukikadiriwa kwa mazungumzo tu. Madaktari wa saratani hutumia ngazi iitwayo ECOG, ambayo 0 ni mtu anayefanya shughuli zake zote bila kizuizi na 4 ni yule asiyeweza kujihudumia kabisa, na ngazi hiyo ina uzito mkubwa wanapoamua kama mgonjwa ataweza kustahimili dawa za dripu. Katika kliniki moja niliandikiwa 1 nikiwa nimeketi, bila mtu yeyote kuniona nikitembea. Sisi nasi tukiulizwa hali hujibu kwamba tunamshukuru Mungu, na jibu hilo halimwambii daktari lolote kuhusu miguu.

Mfiziotherapia aliyenipokea, kijana mpole, aliniamkia kwanza, kisha akasoma faili langu na picha za mifupa kabla hajaniomba ninyanyuke. Aliuliza ni wapi panaponiuma nikikohoa au nikijigeuza kitandani, kwa kuwa mfupa uliodhoofishwa na saratani unaweza kuvunjika kwa jambo dogo. Vipimo vya kunyanyua uzito akaviacha kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kipimo kikuu kilikuwa kutembea kwa dakika 6, kwenda na kurudi kwenye ukumbi wa mita 30. "Mama, tembea mwendo wako," aliniambia. "Ukichoka, egemea ukuta upumzike, saa itaendelea kuhesabu, lakini hakuna anayekukimbiza." Baadaye nilisimama na kuketi tena na tena kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha nikabana kifaa cha kupimia nguvu za kiganja. Mkono wa upande niliofanyiwa upasuaji umevimba, hivyo aliuzungushia tepu kama ya fundi cherehani kupata unene wake, na presha akaipima kwenye mkono wa pili.

Kilichonifaa zaidi ni kipimo kilichoonekana chepesi kuliko vyote: kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Niliyumba papo hapo. Akauliza kama nyayo zangu zina ganzi, na kweli zilikuwa nayo tangu nilipoanza paklitakseli, dawa inayojulikana kwa kudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Alimwandikia daktari wangu, naye akapunguza dozi. Binti yangu alielekezwa kuacha taa ikiwaka usiku kwenye njia ya kwenda chooni, na kandambili nikazipumzisha.

Upungufu upo. Ukumbi ule ndio njia ya machela na ya ndugu wanaoleta chakula, na kupishana nao hupunguza mwendo, kwa hiyo si rahisi kulinganisha mita za safari moja na za nyingine. Dodoso, yaani fomu ya maswali niliyojaziwa siku hiyo, nalo linauliza kuhusu kubeba mfuko mzito au sanduku la safari. Ni mfiziotherapia mwenyewe aliyeongeza maswali juu ya choo cha kuchuchumaa, ndoo ya maji na kupanda daladala, mambo ambayo ndiyo maisha yetu ya kila siku, na ningependa sana yaingizwe kwenye fomu yenyewe badala ya kutegemea wema wa mhudumu.

Ukienda, vaa viatu unavyotembelea siku zote, meza dawa zako za maumivu kama ulivyoelekezwa, na usiondoke bila nakala ya matokeo. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi hadi kilinganishwe na cha nyuma, na faili halimfuati mgonjwa kila anapohamishiwa hospitali nyingine.