ArrayHelper::merge ya Yii 2: nyota nne, ila chunga funguo za namba

Natengeneza mfumo wa mauzo wa maduka ya dawa kwa PHP. Kuna faili moja la mipangilio ya jumla, halafu kila duka lina lake dogo la kubadilisha kinachohusu duka hilo tu. Kazi yote iko kwenye kuunganisha arei (mikusanyo ya thamani, kila moja na ufunguo wake) zilizo ndani ya arei, na nimeishia kwa ArrayHelper::merge, fanksheni inayokuja na Yii 2, fremuweki ya PHP. Si kwa mapenzi ya Yii, nisieleweke vibaya.

Tuseme faili la jumla lina 'malipo', ndani yake 'kikomo' => 500000 na 'njia' => ['mpesa', 'airtel', 'kadi']. Duka moja linataka kikomo 200000 na njia moja tu, 'taslimu'. Ukitumia array_merge_recursive ya PHP yenyewe, kikomo kinageuka arei yenye 500000 na 200000 kwa pamoja. Nani kaomba hivyo? Ukihamia array_replace_recursive, kikomo kinakaa sawa, lakini njia zinatoka 'taslimu', 'airtel', 'kadi', kwa sababu inabadilisha kwa nafasi: ya kwanza imepokwa, mbili zimeng'ang'ania. Alama ya + hapa usiiguse kabisa. Inaangalia ngazi ya juu tu, na cha kushoto ndicho kinachobaki.

Ya Yii ufunguo wa maneno ukigongana, thamani ya mwisho inashinda. Zikiwa arei zote mbili, inazama ndani. Orodha ambazo funguo zake ni namba inaziongeza mkiani, kwa hiyo hapa utapata njia nne. Bado sicho duka lilichotaka, ila tangu toleo 2.0.10 unaandika 'njia' => new ReplaceArrayValue(['taslimu']) na orodha ya zamani inaondoka yote. Ukitaka ufunguo wenyewe utoweke, weka new UnsetArrayValue(). Hapa ndipo waliponipata. Anayefungua faili la duka anaona palepale wapi tumeongeza na wapi tumefuta.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu hii: PHP inageuza ufunguo '101' kuwa namba hata ukiuzungushia alama za nukuu. Una tawi 101 na 102, faili la pili linataka kurekebisha 101. Yii haiirekebishi, inakuzalishia tawi 103! Hakuna onyo, logi kimya. Ukiandika 't101' unapona, lakini kwa hili array_replace_recursive inaishinda waziwazi.

Ni ya bure, leseni ya BSD. Kama mradi wako hauko kwenye Yii, usibebe fremuweki nzima kwa ajili ya hii. Fungua msimbo wake, ni mistari michache tu, uandike yako, na ukifika kwenye is_int, panapoangaliwa kama ufunguo ni namba, uamue mwenyewe namba zako ni nafasi kwenye orodha au ni majina ya vitu.