Sahani za kufinyangwa kwa mkono: miezi mitatu mezani kwangu

Nilizinunua kabla ya Ramadhani: sahani sita za kulia na kombe moja kubwa, zote zimefinyangwa na kuchorwa kwa mkono. Shilingi 14,500, pamoja na kuletewa kwa basi kutoka Nairobi hadi huku Mombasa. Mume wangu aliposikia bei alinyamaza, na kunyamaza kwake nakujua.

Zilifika zimefungwa kwa magazeti na maranda, hata moja haikuvunjika. Hakuna mbili zinazolingana. Moja imebonyea ubavuni, mfinyanzi aliacha alama ya kidole gumba na mng'ao, ule utando wa kioo unaofunika udongo, umejaa mle kama maji ya mvua kwenye wayo. Hiyo ndiyo wanangu wanayoigombania.

Kwa kula kwa mkono, hazina mfano. Ukingo umeinuka kidogo, basi wali unaukusanya pale na tonge linashikana. Sahani bapa za dukani mchuzi hukimbilia kitambaa cha meza. Uzito upo. Kombe likiwa na biriani ya watu sita, ulibebe kwa mikono miwili na mtu asikusemeshe njiani.

Sasa lalamiko langu. Sahani tatu zina maua mekundu na ya njano, na ndizo zilizonivuta kwenye picha. Wiki ya tatu nikaona nyufa nyembamba kama nywele kwenye mng'ao, na mchuzi wa nazi wenye bizari umeshaingia humo. Nikasugua kwa ndimu, nikasugua kwa magadi, wapi! Halafu asubuhi moja nikaiinua sahani iliyolala na maji, nikakuta duara la unyevu kwenye mbao za meza.

Nikamwandikia muuzaji. Akakiri kuwa za maua zilichomwa kwa nyuzi 1,050 hivi, kwa kuwa wekundu ule huungua moto ukizidi. Zile tatu nyingine, za buluu, zilipita 1,200, maana kobalti, madini yanayotoa rangi hiyo, huvumilia. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vitundu, unakunywa maji. Maelezo mazuri, ila mahali pake palikuwa kwenye tangazo, kabla sijalipa. Alinirudishia nusu ya bei ya hizo tatu, nami nikakubali.

Tangu hapo nagonga ukingo kwa kucha: za buluu zinalia kama kengele, za maua zinajibu kama kigae.

Mama mkwe wangu, ambaye kazaliwa Lamu kwenye nyumba ya zidaka, alizigeuzageuza akacheka. "Mwanangu, hizi si za kulia, hizi za kidakani." Kwao sahani za Kichina zilipangwa kwenye vile vishubaka vya chokaa ukutani, zitazamwe tu. Basi za maua nimezitundika sebuleni, na kweli zinapendeza.

Nimeagiza tatu za buluu kujaza pengo. Idi kubwa inakaribia na mezani zimebaki tatu.