Vifaa vya Mwenye Hofu ya Ndege: Kipi Kinastahili Pesa Yako Kabla ya Safari Ndefu Kutoka Dar

Wiki moja kabla ya safari ndefu ya kwanza, mtu anayeogopa ndege huanza kununua vitu. Mto wa shingo, soksi za kubana, hedifoni, kitambaa cha macho, vidonge vya usingizi. Kariakoo vyote vipo, vingine vimefungwa pamoja kwenye pakiti yenye picha ya mzungu aliyelala huku akitabasamu. Ila vingi kati ya hivyo vinahudumia shingo, miguu na macho, na hofu haikai huko. Kwa walio wengi hofu ya ndege huingilia masikioni na tumboni: unasikika mlio usioeleweka, mwili unahisi unashuka, halafu akili inajimalizia hadithi. Basi hapa kila kifaa kimepimwa kwa swali moja: kinampunguzia woga mtu aliyefunga mkanda Dar akielekea Doha, Istanbul au Mumbai, au kinajaza begi tu?

Tuanze na cha bei kubwa, hedifoni za kukata kelele. Ndege ikishatulia angani, kelele ya ndani hufika desibeli 80 hadi 85, mngurumo mzito usiokatika kwa saa tano, sita, saba. Mngurumo huo unachosha, na kila ukibadilika kidogo mwenye hofu anashtuka. Hedifoni hizi zina maikrofoni ndogo inayousikiliza, kisha zinatengeneza wimbi la kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Zinafanya kazi nzuri kwenye sauti nzito ya kudumu. Kwenye sauti kali ya ghafla haziwezi kitu: mtoto akilia siti ya nyuma utamsikia, tena kwa ufasaha, maana mngurumo uliokuwa unamfunika umeondoka.

Hasara kubwa ya kuzinunua mitaani ni kopi. Muuzaji atakuwekea muziki mzito na kukuambia, “Bosi, hii og kabisa, sikiliza besi.” Kataa muziki. Hedifoni yoyote yenye spika nzuri itakufurahisha kwa wimbo, na wimbo hausemi lolote kuhusu kukata kelele. Zivae bila kucheza chochote, usogee karibu na jenereta la duka au feni kubwa, kisha washa na uzime kitufe cha kukata kelele mara tatu nne. Kwenye hedifoni halisi mngurumo unazama ghafla, kama mtu amefunga mlango mzito, na unarudi ukizima. Kwenye kopi taa ya bluu inawaka, sauti ya kike inatamka kitu, na jenereta linaendelea vilevile. Kama hakuna jenereta wala feni, bajaji iliyosimama huku inanguruma inatosha. Jaribio hili linachukua dakika moja na muuzaji mkweli hatalikataa.

Kagua na tundu la waya la milimita 3.5. Skrini nyingi za kwenye siti haziunganishwi na bluetooth, kwa hiyo hedifoni isiyo na waya kabisa itakuacha unatazama filamu bubu. Baadhi ya ndege zina matundu mawili pacha kwenye siti, na kiunganishi chake ni kidogo kama punje ya korosho. Kiombe papo hapo dukani. Pawabenki ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la kupakiwa chini, na isizidi saa-wati 100. Hesabu yake ni rahisi: ya mAh 20,000 zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata 74. Hiyo inapita. Zile kubwa zisizoandikwa uwezo wake zinaweza kubaki mezani kwa wakaguzi.

Asiyetaka kutumia fedha hiyo anunue vizibo vya sponji, vile wanavyovaa mafundi wa mashine, kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya bajaji ya kuvifuata. Watu wengi husema havifanyi kazi kwa sababu wanavigusisha tu mlangoni mwa sikio. Kiviringe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kikifura. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itasikika kama uko ndani ya pipa. Ndege ikianza kushuka kitoe, maana hapo masikio yanahitaji kusawazisha hewa.

Masikio yana tatizo lao la pili. Hewa ya ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo mpaka ule wa kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mkaazi wa Dar ni kama kupandishwa kutoka ufukweni mpaka nyanda za juu za Njombe kwa muda wa kuchemsha maharage nusu. Ndiyo maana pakiti ya krispi inafura, tumbo nalo linajaa gesi, na mwenye hofu anadhani ameanza kuugua. Kupanda si taabu, kwa sababu hewa hutoka sikioni yenyewe. Kushuka ndiko kunakouma, kwa kuwa mrija unaounganisha sikio na koo hubanwa na haufunguki mpaka umeze mate. Maduka ya safari huuza vizibo maalumu vyenye kichujio kwa ajili hii. Vinapunguza kasi ya badiliko, lakini ukilinganisha na bigijii au pakiti ya ubuyu wa Zanzibar, hela imepotea. Ubuyu una uchachu unaolazimisha mate kutoka na mtu kumeza kila baada ya sekunde chache, na ndicho kinachotakiwa. Kasoro yake ni vidole vyekundu. Usilale ndege inaposhuka, na kama una mafua makali muone daktari kabla ya kusafiri.

Mto wa shingo wa umbo la nusu duara ndio unaouzwa kuliko vyote na ndio unaovaliwa vibaya kuliko vyote. Ukiuweka sehemu nene nyuma, unasukuma kichwa mbele, kwa sababu siti nayo ina mgongo wake. Kichwa kinaanguka kifuani, mtu anazinduka moyo unamwenda mbio na kusema ndege imemshtua. Ugeuze, sehemu nene ije chini ya kidevu. Wa sufi ni mwepesi lakini unalala baada ya saa mbili. Wa sponji nzito unabaki na umbo lake. Wa kupuliza unabana shingo na hunyauka polepole. Hata ulio bora haupunguzi hofu hata chembe, unapunguza uchovu, na mchovu huogopa zaidi. Una haki ya kuwemo, bila sifa nyingi.

Soksi za kubana ni jambo la damu. Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, na kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu ni suala la kuzungumza na daktari. Kwa wengine, simama na tembea mara moja kila saa au mbili. Ukizinunua, pima kifundo cha mguu na sehemu nene ya shavu la mguu asubuhi kabla miguu haijavimba. Soksi iliyochaguliwa kwa namba ya kiatu peke yake hujikunja chini ya goti na kuwa kamba.

Dawa zinahitaji maneno makali kidogo. Mjini wapo wanaomeza Piriton ili walale. Inalaza kweli, ila inakausha mdomo katika hewa ambayo tayari ni kavu kuliko ya Dodoma mwezi wa tisa, na kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa. Diazepamu, ya kutuliza wasiwasi, ni dawa ya cheti. Ukichanganya na pombe inaweza kudhoofisha pumzi, na aliyelala kama gogo kwa saa sita hasogezi miguu. Zaidi ya hapo, Umoja wa Falme za Kiarabu unaihesabu kati ya dawa zinazodhibitiwa, pamoja na kodeini na tramadoli, hivyo anayepitia huko na vidonge visivyo na cheti anajitafutia hofu ya aina nyingine. Dawa yoyote uliyoandikiwa kwa safari ijaribiwe kwanza nyumbani, siku ambayo huna kazi wala gari la kuendesha. Wenye kichefuchefu wanaweza kuanza na tangawizi.

Sasa kifaa kilichoshinda vyote, na hakiuzwi popote: karatasi moja yenye ratiba ya milio. Andika kwa mkono, ikunje, weka mfuko wa shati. Hedifoni zinapunguza sauti, karatasi inaipa sauti jina, na mlio wenye jina hauna nguvu ya kumtisha mtu mzima.

Mstari wa kwanza uwe wa kabla ya kuondoka: ubaridi unaweza kukatika na taa kupepesa, umeme unahamishwa kutoka wa uwanja kwenda wa ndege. Kwenye ndege za familia ya Airbus A320 husikika chini ya sakafu kitu kama msumeno au mbwa anayebweka. Ni pampu ya mafuta ya haidroliki. Kisha mlio mrefu mwembamba kutoka kwenye mabawa: vipande vya nyuma ya bawa vinatolewa ili bawa libebe zaidi. Kwenye barabara ya kurukia kuna dududu za gurudumu la mbele likipita juu ya taa za mstari wa kati. Mbio hizo huchukua kama sekunde 30 hadi 45, hesabu. Barabara kuu ya uwanja wa Julius Nyerere ina urefu wa mita 3,000, na ndege haitahitaji yote. Ikishaacha ardhi, chini ya miguu kunatokea mkwaruzo na kishindo: magurudumu yanaingia na milango yake inafungwa.

Mstari unaofuata upigie mistari miwili chini. Dakika moja au mbili baada ya kuruka, injini hupunguza sauti ghafla na tumbo linasema tunaanguka. Hatuanguki. Rubani amepunguza nguvu ya kurukia na kuweka ya kupandia, na ndege bado inapanda. Sikio la ndani halipimi kimo, linapima badiliko la kasi, kwa hiyo mwendo unapoacha kuongezeka kwa nguvu ileile, linatoa taarifa ya uongo. Hapa ndipo wengi hushika mkono wa jirani wasiyemjua.

Angani, “ding” nyingi ni wahudumu kuitana. Ukielekea Ghuba unavuka ikweta kama saa moja baada ya kuondoka, na mawingu mazito ya ukanda huo hutikisa ndege, hasa majira ya masika na vuli. Rubani huyaona kwenye rada na kuyazunguka, lakini kingo zake bado zinasukuma. Bawa linapopepea, kumbuka kwamba kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria bawa lazima lihimili asilimia 150 ya mzigo mkubwa kuliko wote linaotarajiwa kuupata. Boeing 787 ilipojaribiwa mwaka 2010 ncha za mabawa zilivutwa juu karibu mita 7.6. Wanaoumizwa na mtikisiko kwa kawaida ni wasiofunga mkanda. Ufunge chini ya tumbo, kwenye nyonga, muda wote unapokaa.

Wakati wa kushuka injini huwa kama zimenyamaza, mabawa yanatetemeka kwa sababu vipande vya juu vimesimamishwa kupunguza mwendo, na dakika chache kabla ya kutua magurudumu yanatoka kwa kishindo kikubwa kuliko cha mwanzo. Baada ya kugusa ardhi kuna ngurumo: injini zinasukuma hewa mbele kusaidia breki.

Chini ya karatasi ongeza: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara kumi. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Anayevuta sana bila kutoa hupata ganzi vidoleni na kizunguzungu, kisha anaogopa ganzi hiyo.

Siti nayo ni bidhaa, na ikibidi kulipia, hela yake inarudi. Chagua karibu na bawa. Mkiani ndege hucheza zaidi, kwa sababu ileile siti ya nyuma ya daladala inavyokurusha kwenye matuta kuliko ya katikati. Asiyetaka kuona chini asijilazimishe dirishani. Lakini anayepata kizunguzungu atasaidiwa na kuutazama upeo wa macho. Ndege za asubuhi na usiku hutikisika kidogo kuliko za alasiri, jua linapokuwa limeipasha ardhi moto. Nyumbani toka mapema, Barabara ya Nyerere ina foleni zake, na aliyefika Terminal 3 anahema na jasho ameshaanza safari moyo ukienda mbio kabla hajaona ndege.

Hedifoni, vizibo, ubuyu, kalamu na karatasi viingie kwenye kijimfuko kimoja, kiwekwe chini ya siti ya mbele yako. Usikiweke kabatini juu: taa ya mkanda ikiwaka huruhusiwi kusimama, na ndio wakati utakapovihitaji. Ubuyu umalize angani, kwa kuwa nchi kadhaa haziruhusu mbegu kuvuka forodha.