Baza ya pili kwenye boti: sasa alamu ya mashine naisikia mpaka shetri, huku nyuma ninapoendeshea

Naandika hii kwa wenzangu wenye boti za dizeli za kupeleka watu Faza na Mtangawanda huku Lamu, manake tuko wengi wenye shida hii na hatuijui mpaka itupate. Alamu ya mashine, yaani baza, kidude cha umeme kinacholia presha ya oili ikishuka au joto likizidi, iko, nzima, yalia vizuri, lakini nahodha haisikii.

Mimi ilinipata kaskazi iliyopita, maji yalikuwa yakipwa, tumeingia mlango wa bahari wa Mkanda na watu na magunia, propela inatifua tope na mwani, kumbe mdomo wa kuvutia maji ya bahari ushaziba na mashine haipati maji ya kupoza. Mimi niko shetri nimeshika kana ya usukani, mashine inanguruma, turubai linapigwa na upepo, watu wanaongea kwa sauti juu ya sauti, sikujua chochote. Nilipopunguza moto kukaribia gati ndio nikasikia tiiii nyembamba kama ya mbu, na mama mmoja aliyekaa ubavuni mwa boksi la mashine akanambia, "Mwanangu, hiyo yalia tangu tumo Mkanda, mimi nalidhani ni simu ya mtu." Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kichwa cha mashine, ishaungua. Wiki mbili boti imelala na abiria wangu wakaenda kwa wengine.

Kwanza nikajitia ufundi mwenyewe, nikanunua king'ora cha alamu ya gari nikakiunga moja kwa moja kwenye waya wa baza ya zamani. Kelele ilikuwa kubwa kweli, lakini zile swichi ndogo za kwenye mashine, ya oili na ya joto, zimetengenezwa kubeba umeme mdogo wa taa na baza tu, king'ora kinavuta umeme mwingi zaidi, pointi za swichi ya oili zikaungua. Na king'ora chenyewe hakikuziba maji, chumvi ikakimaliza chap. Msinunue hiyo, pesa yaenda bure.

Baadae nikamuita fundi mmoja wa umeme wa boti hapa Lamu mjini, kijana mpole, kabla hajafungua hata skrubu akaniomba niwashe mashine nikae pale pale ninapokaa nikiendesha, yeye akaenda kuiliza baza. Sikusikia kitu. Akarudi akasema, "Ami, baza yako haina kosa, kosa ni mahali ilipowekwa." Na ni kweli, ilikuwa nyuma ya dashibodi ndani ya boksi, imeangalia mashine badala ya mtu, halafu sauti kila umbali ukizidi mara mbili inapungua kama desibeli 6, yaani baza inayopiga desibeli 100 ukiwa mita moja, ukikaa mita nne inabaki kama 88, na dizeli nayo inakelele yake hapo katikati.

Akaniwekea baza ya pizo ya volti 12 iliyozibwa maji, inayokatakata, pi-pi-pi, si ile ya kuvuta mfululizo, manake mngurumo wa mashine ni mfululizo na sauti ya mfululizo inazama ndani yake. Hili nalisifu sana, haswa kwetu tuliokaa na mashine miaka mingi, masikio yetu yameanza kupoteza zile sauti nyembamba za juu. Ameifunga chini ya benchi la shetri, mdomo umenielekea mimi. Ametumia rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa, kwa hivo swichi ya mashine kazi yake ni kuamsha rilei tu, umeme wa baza watoka kwenye betri kupitia fyuzi. Halafu akatia dayodi mbili, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ili joto likizidi taa ya oili isiwake nayo, nijue ni lipi hasa. Waya ni wa shaba iliyopakwa bati, hauli kutu haraka.

Akanifunza na kupima, hii kila mtu afanye kila asubuhi: fungua kii bila kupiga stata, baza lazima ilie kwa sababu oili haina presha bado, na ikinyamaza kimya jua kuna kasoro, pengine waya umekatika. Ya joto, kii ikiwa wazi, unachomoa waya wa swichi unaugusisha kwenye chuma cha mashine, ilie.

Juzi tumepita Mkanda tena, ikalia, nikazima papo hapo, baharia akashika pondo tusisukumwe kwenye mikoko, tukafungua chujio la maji ya bahari tukatoa kipande cha gunia la nailoni. Dakika kumi tukaendelea, na mashine haikupata hata joto la kuogopesha.

Fundi nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu alichelewa siku tatu na hakupiga simu, na mtu wa boti akingoja bila kazi anaumia. Pia bado hajanifungia swichi ya joto kwenye hosi ya ekzosti, ile ya kutolea moshi inayopozwa na maji ya bahari, nimemwambia arudi, manake maji ya bahari yakikatika hosi ile hupata moto mapema kuliko hedi, na ile ya kwenye hedi ikikaukiwa kabisa na maji yaweza kuchelewa kusema. Akiifunga nitakuja kusema inafanyaje.