Friji la motahomu lilitufia Arches, na majibu ya simu yale sijayasahau

Sikukusudia kuandika chochote. Nilirudisha gari, nikasaini, nikaondoka. Juzi kampuni ikanitumia ujumbe kuniuliza kama ningewapendekeza kwa rafiki, na damu ikanichemka upya.

Tulikodi motahomu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, huko Las Vegas, Marekani, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na Mama. Mama ana kisukari, anachoma insulini. Nililisema hilo kaunta kabla ya kusaini, tena mara mbili, kwa sababu dawa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kijana aliyetuhudumia akafungua friji, akanionyesha kitufe, akasema nikiwashe nisikiguse tena. Basi. Njia yetu yote tuliiandika kwenye fomu yao: hifadhi za taifa za Zion, Bryce Canyon na Arches, zote jimbo la Utah. Death Valley, bonde la jangwa lenye joto kali, tuliiacha kwa sababu mkataba wao ulikataza kulipeleka gari kule kiangazi. Tulitii.

Zion, siku ya pili, maziwa yakawa vuguvugu. Nikamgombeza mwanangu mdogo kwamba anaacha mlango wa friji wazi kila anapochukua juisi. Akakataa, nikamgombeza zaidi. Tulipopanda Bryce, ambako ukingo wa bonde uko juu ya mita 2,400 na usiku tulilala na masweta mwezi wa saba, friji likapoa vizuri kabisa. Nikajiambia, unaona, mtoto amesikia.

Halafu Arches. Kambi ya Devils Garden iko mwisho wa barabara ya hifadhi, kama kilomita 29 kutoka langoni. Hakuna umeme wa kuchomeka gari, na jenereta unaruhusiwa kuiwasha saa za asubuhi na jioni tu, kwa hiyo friji lilikuwa linatumia gesi. Tulifika mchana, jua limepita nyuzi 38. Jioni nilipofungua friji nikakutana na hewa ya moto, siagi imekuwa mafuta, nyama inanuka. Kalamu za insulini za Mama, zile sindano zenye umbo la kalamu, nilizishika mkononi zikiwa na joto la mwili wangu. Mikono ilinitetemeka.

Simu haikushika mtandao kambini. Ilibidi tukunje kila kitu, tuteremke hadi mji wa Moab kununua barafu, na nikaipigia simu kampuni nikiwa nimesimama nje ya duka. Akapokea mwanamume. Nikamwambia, kaka, nina mgonjwa, friji limekufa, nifanye nini? Akaniuliza niko wapi. Nikamtajia. Akasema: "Ninyi ndio mliochagua kwenda jangwani Julai." Kisha akaniambia fundi hapatikani hadi Jumatatu, na akakata simu kabla sijamaliza kuuliza dawa niihifadhi vipi.

Sentensi ile imekaa kwangu hadi leo. Na kinachoniumiza ni kwamba ndani yake kuna ukweli. Ni kweli tulichagua. Joto lile si la kuchezea. Hata walinzi wa hifadhi wanakuambia utembee asubuhi na mapema na ubebe maji mengi. Lakini fomu yenye majina ya hifadhi aliipokea nani? Pesa alipokea nani?

Dawa tuliiokoa wenyewe, kwenye boksi la barafu, tukaizungushia taulo isigusane na barafu, maana insulini ikiganda imeharibika. Tuliporudi kambini, mzee mmoja wa gari la jirani, aliyestaafu, akaja na tochi bila kuitwa. Kwanza akatuambia gari limeinama. Friji za aina hii hazina kompresa, ile mota ya friji za nyumbani. Zinafanya kazi kwa kemikali ya amonia inayozunguka yenyewe kwenye mabomba, na gari likiinama sana mzunguko unakwama. Akatupa vipande vya mbao tuviweke chini ya magurudumu. Kisha akafungua kifuniko cha nje, nyuma ya friji. Kulikuwa na feni ndogo ya kutoa joto. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa na utepe mweusi.

Zimekatwa! Mtu alijua. Kwenye baridi ya Bryce friji lilivumilia bila feni. Kwenye jua la Arches halikuweza. Mzee akaunganisha nyaya, tukaligeuza gari upande wa friji usipigwe na jua la mchana, na kufika alfajiri maji yalikuwa baridi.

Nikisema safari yote ilikuwa mbaya nitakuwa nasema uongo. Asubuhi ile ile, kabla jua halijachomoza, niliwachukua watoto hadi Delicate Arch, karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, juu ya mwamba mtupu usio na kivuli. Tulipofika, lile tao la mawe lilikuwa linaanza kuwaka rangi nyekundu, na watoto wangu wasionyamaza wakanyamaza. Usiku Mama alikataa kuingia kulala. Alikaa nje anaangalia nyota.

Kwa hiyo kwenye ujumbe wa kampuni nilikuwa nimewapa alama ya nyota tatu. Halafu nikakumbuka siku ya kurudisha gari. Niliwaonyesha nyaya. Mama wa kaunta akachungulia, akaandika "uchakavu wa kawaida", akaniuliza kama tenki la maji machafu nimelimwaga. Hakuna pole, wala swali kuhusu Mama. Naweka nyota moja.

Mwanangu nilimwomba msamaha pale pale kambini, mzee akiwa bado ameshika tochi. Aliniambia, "Nilikwambia nafunga, Mama."